Chebet wa Mwezini na Uso Usiooshwa

Nyinyi wa chumba cha kompyuta, siku ile ya kuniaga mliponikatia keki mlining'ang'ania mpaka nikaahidi kuandika mambo ya kazi yetu ya zamani. Haya, nimekaa mezani hapa Kapsoya wiki mbili nikifungua kalamu na kuifunga. Habari za kupandishwa cheo mtanisamehe, sitaandika. Cheo changu cha mwisho kilibandikwa mlangoni kwa herufi zilizopinda na wenyewe mliziona. Nitawaandikia habari ya uso mmoja tu. Uso huo ulinikosesha raha mwezi mzima, ukanifundisha kazi kuliko miaka yote iliyofuata, na hata sasa nikiukumbuka siwezi kukaa kitini, lazima nisimame nizunguke meza.

Nilianza kazi miaka michache baada ya uhuru, katika kiwanda kidogo cha kupiga chapa karibu na stesheni ya reli. Mwenyewe alikuwa Bwana Karsan, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Eldoret, mtu mpole ila kwa karatasi: ukiharibu moja alikuwa anaiokota, anainyoosha na kuandika nyuma yake. Baba yangu alikuwa kibarua wa mzungu kule Kiplombe. Mzungu alipouza shamba akaenda zake, baba akapata kazi ya kumshikia mpima mashamba mnyororo, na huko ndiko alikosikia kwamba kiwandani wanatafuta mtu anayejua kuchora. Akaniambia, "Tabitha, vaa viatu vya kanisani." Nikavaa. Kufika saa nne vilikuwa vimejaa wino, na kanisani nilivivaa hivyo hivyo mwaka mzima.

Siku zile mji mzima ulikuwa na homa ya mashamba. Wazungu wanauza, watu wanaungana, wanaunda kampuni, wananunua hisa. Shamba likipatikana linakatwa ploti, halafu wenye hisa wanapiga kura kujua nani ataenda wapi: unaingiza mkono kwenye kofia, unatoa kikaratasi chenye namba. Kila kampuni ilitaka hati, matangazo na mihuri yenye ng'ombe. Na kila mwezi Bwana Karsan alitoa kijarida cha kurasa nane chenye bei ya mahindi, habari za mashamba na siku za mikutano. Kilikuwa na jina refu la heshima, lakini mjini kila mtu alikiita Kijarida.

Picha zote zilitoka mikononi mwa Mzee Wanjala. Alikuwa ametoka upande wa Bungoma kabla sijazaliwa, mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusahau kwamba alikasirika. Nyinyi mnabonyeza, sisi tulichonga. Tulichonga kwenye lino, lile zulia gumu la kutandika sakafuni. Unachora picha juu yake, kisha unachimba kila mahali panapotakiwa kuwa peupe, unaacha panapotakiwa kushika wino. Ulichochimba ni cheupe, ulichoacha ni cheusi, basi. Na usinitafutie ile alama yenu ya kurudi nyuma. Ukikata umekata.

Lino yenyewe mnajua ilitoka wapi? Wazungu walipokuwa wakiuza vyombo kwa mnada kabla ya kuondoka, watu waligombania vitanda na makochi. Mzee Wanjala alikuwa anaingia moja kwa moja jikoni, anapiga sakafu kwa kisigino, anauliza kama nayo inauzwa. Tumechonga mabwanyenye wote wa Uasin Gishu kwenye sakafu za jikoni, na nyingine zilikuwa bado na harufu ya nyama ya nguruwe. Patasi zetu zilikuwa mbavu za miavuli mibovu, zile zenye mfereji katikati. Unaikata, unainoa kwenye jiwe, unaitia mpini wa mti, na inachimba vizuri kuliko za dukani. Na kwa vile asubuhi za Eldoret mnazijua, lino ikipata baridi inavunjika vipande vipande. Dawa yake ni kuikalia. Saa nzima ya kwanza nilikuwa nafanya kazi nyingine huku nimekalia lino, na wageni wakiingia sikuinuka kuwasalimu. Wengi waliondoka wakisema yule msichana wa kina Karsan hana adabu.

Kazi yangu ya kwanza ya maana iliitwa kuosha uso. Mzee Wanjala akishachora mtu, mimi namaliza uso wake: nachimba lino yote ya mashavu, paji na kidevu, naacha tu nyuzi nyembamba za macho, pua na mdomo. "Uso uoshe mpaka ung'ae," alikuwa ananiambia. "Ukiacha lino kubwa, mashine yetu haiwezi. Itatoa mabaka." Ni kweli, mashine yetu ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, kuukuu, na kila sehemu kubwa nyeusi ilitoka na madoadoa. Basi niliosha. Nikaosha mkulima wa tangazo la mbolea, nikaosha mama wa unga, nikaosha mwenyekiti wa kampuni pamoja na kamati yake yote. Watu wote wa Kijarida walitoka na nyuso nyeupe pe, na miaka mitatu mizima hakuna aliyeuliza. Hata mimi sikuuliza, na mimi ndiye niliyekuwa na patasi.

Sasa njooni kwenye mambo. Mwaka ule watu walipotua mwezini, Eldoret ilipata wazimu. Kwenye kila duka lenye redio watu walisimama wakibishana. Wengine walisema ni uongo, wengine walitaka kujua kama kule udongo wake unakubali ngano. Bwana Karsan akatoka ofisini amewaka kwa furaha. "Tunaweka hadithi ya picha," akasema. "Kila mwezi. Mtu anaruka, anaenda juu kwa nyota, anapigana na wabaya. Watu watapenda sana."

"Mimi sichongi uongo," akasema Mzee Wanjala. "Mpe huyu msichana."

Macho yake yalikuwa yameanza kumwacha, lakini hilo hakulisema na sisi hatukulisema. Mimi nilichosikia ni "mpe huyu msichana". Weh! Nilirudi Kiplombe siku hiyo nikikimbia, natembea kidogo, nakimbia tena. Kabla ya ugali kuiva nilikuwa nimeshampata. Anaitwa Chebet. Anaishi mwaka elfu mbili. Anaendesha kombaini ya kuvunia ngano iliyotengenezwa upya ikaruka, inayotumia magunzi ya mahindi badala ya petroli. Watu wa kwetu wameunda kampuni, wamenunua mwezi kwa hisa, wamekata ploti, na usipokuwa makini wezi wanahamisha bikoni, yale mawe ya mpaka. Lakini Chebet alizaliwa na jicho la ajabu: anaona bikoni hata ikiwa imefukiwa chini ya vumbi la mwezi futi kumi. Anatua, anaing'oa kwa mkono mmoja, anairudisha mahali pake. Baba aliposikia habari ya bikoni alicheka mpaka akashika mlango. Alikuwa amewaona wezi wenyewe, tena wa hapa hapa duniani.

Nilimvika gambuti na kofia ya kioo. Nikachonga kombaini siku mbili, kila gurudumu. Halafu nikafika usoni, na mkono wangu ukafanya ulichozoea. Niliosha. Sikufikiri hata kidogo.

Wiki moja baada ya Kijarida kutoka, Mama Nyambura aliingia na bunda lake kwapani. Alikuwa mjane kutoka upande wa Nyeri, mwenye duka la mafuta ya taa na sukari kule Langas, na ndiye aliyekuwa akituuzia nakala nyingi kuliko wauzaji wote. Hakuwahi kurudisha hata moja. Siku hiyo alirudisha zote akaziweka mezani mbele yangu, nami nimekalia lino.

"Huyu mzungu wenu, mbona mmempa jina la Chebet?" akaniuliza.

"Si mzungu, Mama. Ni msichana wa kwetu."

"Kwenu wapi? Muangalie vizuri." Akaweka kidole juu ya ule uso. "Watu wamesimama dukani kwangu wanasoma, wanauliza, sasa hata mwezi tumewaachia? Haya mashamba tumeuza mbuzi, tumeuza ng'ombe, tumenunua kutoka kwao jana tu. Na wewe unachukua mwezi wetu unawapelekea bure!"

Nilimwangalia Chebet. Nilimwona mara ya kwanza, naapa. Pua nyembamba ya uzi, shavu jeupe, kofia ya kioo. Nilisikia aibu iliyoanzia miguuni ikapanda. Yule msichana nilimtoa tumboni mwangu, nikamchonga mwenyewe, na kama angeingia Kiplombe mama yangu angemsalimia kwa Kiingereza.

Bwana Karsan alikuwa mlangoni amesikia yote. Akaingia na kisanduku cha mbao, akakifungua. Ndani mlikuwa na mabloku ya kuchapia picha, ya chuma, yaliyochongwa tayari ng'ambo, ya kuazima: mwanamume wa kizungu mwenye misuli, nguo zimembana, anaruka juu ya maghorofa. Kando ya mdomo wake walikuwa wameacha nafasi tupu tumtilie Kiswahili.

"Hii iko tayari, Tabitha," akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. "Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni ile kura kubwa ya ploti, watu wengi sana watakuja. Ijumaa Chebet yako akiwa mzuri, anakaa. Akiwa mbaya, naweka huyu kila mwezi."

Na akikaa huyo, mchongaji wa nini? Ningerudi kwenye ufagio, kazi niliyoanza nayo. Lakini niwaambie ukweli, ufagio sikuuwaza sana. Nilichowaza ni kwamba yule mwanamume angeruka juu ya Uasin Gishu mwezi baada ya mwezi, na Chebet asingekuwako mahali popote, kwa sababu mimi nilishindwa na shavu.

Nikasema, si rahisi? Nisioshe. Nikachonga uso upya, nikaacha lino yote, nikachimba macho mawili na mdomo. Nikapiga nakala ya kujaribu. Mzee Wanjala akaisogeza karibu na miwani. Kisha akachukua patasi kubwa akapiga mkasi juu ya bloku langu, mstari huku na mstari huku, kazi ya siku nzima.

"Mzee!"

"Hii haitoki hapa," akasema. "Hii sura naijua. Ilikuwa kwenye kopo la dawa ya viatu, jikoni kwa mzungu wangu wa kwanza. Nyeusi tii, macho yametoka, mdomo kama mtumbwi. Watoto wake walikuwa wananishikia hilo kopo karibu na shavu langu, wanacheka."

Akakaa kwenye debe la wino.

"Unafikiri nilianza kuosha nyuso kwa sababu ya mashine?" akasema. "Nilipoanza nilikuwa nawachonga weusi. Wanatoka namna hiyo. Nikasema, bora mtu wetu akose rangi kuliko awe kichekesho. Mashine nimeisingizia tu, ingawa nayo ni mbaya."

"Na kama kuna njia nyingine, Mzee?"

"Iko wapi? Miaka ishirini nimeitafuta."

Iko wapi, kweli! Wiki mbili nilichonga na kutupa. Jumatano ya wiki ile ya kura, Mama Nyambura akaja kuuliza kama kuna kitu kipya cha kuuza, akakaa kwenye benchi la dirishani kupumzisha miguu. Jua la saa tisa likamwingia upande mmoja. Nikaacha patasi. Watu wangu, nilikuwa nimeishi katikati ya nyuso nyeusi tangu nizaliwe na sikuwahi kuangalia mwanga unatua wapi. Unatua juu ya mfupa wa shavu, mpana hivi. Unatua kwenye paji, kidogo pembeni. Unashuka na pua, unaugusa mdomo wa chini, unateleza shingoni. Kwingine kote ni weusi wenyewe, mtulivu, hauhitaji kuguswa. Sikupaswa kuchora uso hata kidogo. Nilipaswa kuchimba mwanga tu, na uso ungekuja wenyewe.

"Mama, usisogee!"

"Kuna nini, nyoka?"

"Usisogee tu, tafadhali. Nataka kukuchonga."

"Mimi? Nimevaa kanga ya dukani!" Lakini alivua kitambaa cha kichwa, akapapasa matuta ya nywele zake aliyosukwa Jumapili, akanyoosha shingo. Na yale matuta, oh! Nywele nyeusi na zile njia nyeupe katikati, yaani lino yenyewe ilikuwa imeumbwa kwa ajili yake. Unachimba njia, nywele zinabaki.

Tukakaa mpaka jua likahama, na Alhamisi akaja tena saa ile ile, ameacha duka kwa jirani. Nilikuwa nachonga moja kwa moja bila kuchora, kwa mbavu ya mwavuli wa mtoto, ile nyembamba kabisa. Akiwa amekaa hivyo, bila kunitazama, akaniambia kwa nini alirudisha lile bunda.

"Jumamosi napiga kura ya ploti yangu," akasema. "Kamati imeniambia nitume shemeji yangu aingize mkono kwenye kofia. Ati mama ataharibu bahati. Hisa ni yangu, jina ni langu, mkono uwe wa shemeji. Nikarudi nyumbani na hasira, nikafungua Kijarida, nikaona msichana ameshika bikoni kwa mkono wake mwenyewe. Nikafurahi, Tabitha! Nikafurahi kabisa. Halafu nikaangalia huo uso."

Nilichonga Chebet na maneno hayo masikioni. Anapaa kutoka kwenye kombaini, bikoni begani, kioo cha kofia kimefunguliwa, anaangalia juu. Ijumaa asubuhi nikaweka bloku kwenye mashine, nikakanyaga, nikatoa karatasi. Mabaka. Shavu limetoka na madoa kama mwenye choa. Mashine, ambayo Mzee alikuwa ameisingizia, sasa ikaamua kuwa na hatia kweli kweli. Nikapiga nyingine, mabaka. Nikaongeza wino, mistari ya mwanga ikaziba. Ilikuwa saa tatu, na Bwana Karsan alikuwa amekitoa kile kisanduku akakiweka kwenye meza ya katikati. Nililia, sitawaficha. Nililia huku nakanyaga.

"Toka hapo," akasema Mzee Wanjala.

Akafungua fremu, akalitoa bloku, akavua miwani akaitia mfukoni. Akafumba macho. Akaanza kulipapasa kwa ncha za vidole, polepole, kama unavyopapasa unga kutafuta mawe. "Hapa pamezama," akasema. "Hapa pia. Sakafu ya jikoni, watu walisimama hapa miaka wakipika. Lete karatasi nyembamba na gundi."

Nikachana ile karatasi ya kufungia mikate. Akabandika vipande chini ya bloku, kimoja ukubwa wa ukucha, kingine juu yake kidogo zaidi, chini ya shavu, chini ya paji, ili sehemu zilizozama zisukumwe juu zikutane na karatasi. Tuliita hiyo kuweka mto, na kila mchapaji anaijua, lakini sijaona tena mtu akiifanya kwa vidole tu. Wino akaupasha moto kando ya jiko, akautandaza mwembamba. Karatasi ya nne, mabaka mawili. Akabandika tena. Karatasi ya saba akanipa mimi, kwa sababu yeye hakuweza kuiona vizuri.

"Niambie," akasema.

Chebet alikuwa mweusi, mweusi wa kung'aa, mwanga umemkaa shavuni na kwenye mdomo wa chini, njia za nywele zake zimenyooka kuelekea mwezini. Alikuwa mzuri ajabu. Alikuwa mtu anayejua anakokwenda.

"Niambie, wewe!"

"Ametoka, Mzee! Ametoka!" Nikamkumbatia, jambo ambalo halikufanywa siku zile, na aproni yangu ikampaka wino kifua kizima. Bwana Karsan akaja mbio akidhani mtu ameumia. Akachukua karatasi, akaipeleka dirishani, akaiangalia muda mrefu. Kisha akafunga kile kisanduku. "Piga nakala mbili zaidi kila bunda," akasema, na akitoka nikamsikia anapiga mluzi.

Jumamosi nilienda uwanjani kwenye kura kwa sababu nisingeweza kukaa nyumbani hata mngenifunga kamba. Mama Nyambura alikuwa ameweka bunda lake karibu na meza ya kamati, makusudi. Alipoitwa jina, shemeji akainuka, na yeye akainuka. Akaingiza mkono wake kwenye kofia huku anamtazama mwenyekiti, akatoa namba, akasoma kwa sauti. Sisemi alifanya hivyo kwa sababu ya picha yangu. Alikuwa mtu wa namna hiyo kabla sijashika patasi. Shemeji akakaa.

Lakini kilichonipandisha wazimu kilikuwa kwenye foleni ya Kijarida. Watu walikuwa wamefungua ukurasa ule ule na wanagombana. "Huyu ni wa kwetu hapa Uasin Gishu, ona jina," anasema mzee mmoja mwenye blanketi. "Jina ni jina, ona hiyo pua, huyo ni wa Nyeri kabisa," anajibiwa na kina mama. Fundi mmoja wa baiskeli akaapa kwamba shingo kama ile iko Bungoma tu. Wakaitana majina, wakacheka, wakagombana tena. Mtu yeyote anayejua makabila yetu yalivyokuwa yakiangaliana kwa jicho baya siku zile juu ya nani anunue shamba wapi ataelewa kwa nini nilisimama pale kwenye majani nikicheka na machozi yananitoka. Mwezi mzima uliopita walikuwa naye mkononi, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa ndugu yake.

Jumatatu asubuhi, nimekalia lino, yule mzee wa blanketi akaingia kiwandani. Alikuwa amepiga pasi shati, amevaa koti, ameshika fimbo nzuri, na nyuma yake kuna mzee mwenzake wa kumshuhudia. Safari hii niliinuka. Akaketi kwa utaratibu, akauliza habari za nyumbani, habari za mvua, habari za mifugo. Baadaye akatoa Kijarida ndani ya koti, akakikunjua gotini.

"Binti, nimetumwa na watu wangu," akasema. "Nataka kujua huyu msichana ni wa ukoo gani na baba yake anakaa wapi. Nina kijana. Amesoma, hanywi, na amepata ploti yenye maji."

Mzee Wanjala aligeukia ukuta, mabega yanatikisika. Mimi nikajikaza. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba Chebet hana baba, ni picha tu, nimemchonga mimi, na kwamba huko kwenye hadithi anaishi mwaka elfu mbili.

Yule mzee akamtazama mwenzake. Wakasemezana kidogo kwa sauti ya chini. Akakikunja Kijarida taratibu akakirudisha ndani ya koti, upande wa moyo, akasimama na fimbo yake.

"Si mbaya," akasema. "Tutangoja."